Chumba Kidogo cha Mtoto

Wazazi wengi wajua ya kuwa mtoto akitimiza miaka 10 haifai tena kulala kitanda kimoja na ndugu zake. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ameagiza watoto waamrishwe Sala wakiwa na miaka 7, na wafikapo 10 watengwe katika malazi. Haya twayasoma na kuyakubali. Lakini ukimwuliza mtu, "Mwanao amelala wapi jana?" aghlabu atakujibu kwamba nyumba ni ndogo.

Nyumba ni ndogo, kweli. Walakini amri ni ya malazi. Hapana aliyeamrishwa kujenga kasri. Na katika nyumba nyingi zisemwazo kuwa hazina nafasi kuna kijichumba nyuma, ambamo mmewekwa magunia matupu, baiskeli mbovu, masufuria ya karamu na kabati la harusi lisilofunga. Huku mbele, sebule ina makochi ya wageni waingiao mara mbili kwa mwezi. Basi kazi ya kwanza si kununua kitu, bali ni kutoa. Na itolewe mizigo yote, si nusu yake. Chumba cha mtoto chenye magunia ya baba si chumba cha mtoto. Ni ghala alimolazwa mtoto, na yeye mwenyewe hulijua hilo kabla ya mtu kumwambia. Kijana asiye na pahali pake nyumbani hupata pahali barazani kwa watu, na hurudi saa azipendazo yeye.

Sasa tupime. Tuseme kijichumba ni futi 7 kwa futi 9, yaani kiasi cha mita 2.1 kwa 2.7. Wazazi wengi hukimbilia kununua kitanda cha futi 4 kwa 6, kwa hoja ya kuwa mtoto atakua. Kitanda hicho kikiegemezwa ukuta mrefu husalia ujia wa futi 3 tu, na mlango ukifunguliwa ndani hakuna pa kusimama. Kitanda cha futi 2 na nusu kwa 6 humtosha mtoto mpaka awe kijana mzima, nacho huacha futi 4 na nusu za sakafu kutoka ukuta hata ukuta. Kisukumwe pembeni kabisa. Miguuni pake zitabaki futi 3, na hapo ndipo pa meza ya kusomea. Kitanda kiwe cha miguu mirefu, kama samadari za bibi zetu, ili uvunguni ziingie sanduku mbili fupi za mbao, kila moja na kamba ya kuvutia. Moja ni ya nguo, ya pili ni ya vitu vyake visivyo na jina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtoto huinama kwa urahisi kuliko sisi.

Wazee wetu wa pwani walikuwa mabingwa wa vyumba vyembamba. Katika nyumba za mawe za Lamu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na kwa hivyo aghlabu haukuzidi futi 10. Hawakujaza sakafu vyombo. Walijenga zidaka ndani ya kuta, wakaweka humo kaure na vitabu, na kidaka hakili hata inchi moja ya sakafu. Kuta zetu za matofali ya saruji ni nyembamba, hazifai kuchimbwa. Lakini zaweza kubeba rafu. Ubao wa upana wa inchi 8 watosha vitabu vya skuli na vya chuoni, na ule wa juu kabisa uwe wa Msahafu na marufaa yake. Vigingi vya nguo vipigwe kwenye kimo cha mabega ya mtoto. Kama kigingi kiko juu ya kimo chake, usimlaumu akiitupa kanzu kitandani.

Kabati refu twaona halina haja humo, tena lina hatari. Mtoto mdogo huvuta watoto wa kabati na kuwakanyaga kama ngazi, kabati likamwangukia. Katika nchi mbalimbali watoto wamekufa hivyo. Kama lazima liwepo, lifungwe ukutani kwa vyuma, na vizito vikae chini.

Wakiwa wawili, wote wanaume au wote wanawake, kitanda cha ghorofa chafaa, kwa masharti. Asilale juu mtoto aliye chini ya miaka 6. Ubavu wa kitanda cha juu upande inchi 6 na zaidi juu ya godoro, na mianya ya mbao zake isipitishe kichwa wala kiwiliwili cha mtoto. Na kama darini kuna feni, kitanda cha ghorofa kisiingie humo kabisa. Kila mmoja awe na chandarua chake.

Sehemu ya sakafu iliyobaki isionewe tamaa. Mswala hautaki zaidi ya futi 2 na nusu kwa 4, na kwetu pwani Kibla ni kaskazini, karibu sawasawa. Tafuta upande huo kabla ya kupanga kitanda, usije ukamfanya mtoto asali akiwa amebanwa na meza. Dirisha lisizibwe kwa kitu chochote. Chetezo cha udi kifukizwe mchana, madirisha wazi, kisha kitolewe. Makaa yakiachwa katika chumba kidogo kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na mwenye kulala haamki.

Limebaki la mlango. Ukifunguka kwa ndani, mwite seremala ageuze bawaba, ufunguke nje. Kwa kazi hiyo moja umepata nafasi ya kiti. Sura ya Nuru, aya ya 58, imewataka watoto waombe ruhusa ya kuingia kwa wakubwa nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya Sala ya Isha. Mtoto atajifunza hodi hiyo upesi zaidi akibishiwa na yeye, khasa binti aliyeanza kukua, ambaye mpaka jana alikuwa hana pa kubadili nguo. Kuhusu kitasa na ufunguo, ambao vijana huuomba mapema sana, kwa miaka 10 twaona bado: pazia zito na hodi ya baba vyatosha.