Wageni waondolewe kwa sheria, si kwa msako

Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu namna tunavyowaondoa wakimbizi nchini.

Hivi karibuni, basi nililopanda kwenda Tabora mjini lilisimamishwa, na kijana wa Ulyankulu, makazi ya zamani ya wakimbizi mkoani kwetu, akateremshwa kwa sababu ya lafudhi yake. Alitoa cheti cha uraia kutoka kwenye mfuko wa nailoni, kimechakaa kwenye mikunjo. Hakuna aliyekisoma. Aliambiwa akae kando, basi likaondoka bila yeye.

Cheti kile hakukiokota. Mwaka 2014 Serikali iliwakabidhi uraia zaidi ya watu 162,000, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao. Mwaka mmoja kabla, Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu, ilipita Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivushwa mpaka, familia zikatenganishwa, na hata wenye nyaraka halali wakasombwa.

Sipuuzi usalama. Wenzetu wa Kigoma na Kagera walisafiri miaka mingi kwa mabasi yaliyosindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Anayeingia na silaha akamatwe na ashitakiwe. Lakini jambazi akisikia msako huwahi porini. Anayekutwa nyumbani ni mama na wanawe.

Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969, tuliouridhia wenyewe, ulilitazama jambo hili pande zote. Unamkataza mkimbizi kufanya hujuma, unaitaka nchi imweke mbali na mpaka kwa ajili ya usalama, na unakataza kumrudisha kwa nguvu. Tabora tuliyafanya hayo. Hatari ya mpakani ilionekana mwaka 1973, majeshi ya Burundi yaliposhambulia vijiji vyetu vya Kigoma. Lakini Ulyankulu, mbali na mpaka, wakimbizi walipewa ardhi wakalima tumbaku na mahindi, na hatukukosa usingizi kwa ajili yao.

Naiomba Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi: kabla ya kupandishwa lori, kila mtu asikilizwe peke yake, nyaraka zake zihakikiwe, na apewe muda wa kukata rufaa. Nao Warundi wa kambi za Kigoma wanaohimizwa kurejea kwao, wasihesabiwe kuwa wamekubali kwa sababu tu mgawo wa chakula umepungua na masoko yao yamefungwa. Serikali itamke wazi kwamba anayeogopa kurudi atasikilizwa hofu yake kabla ya kuandikwa kwenye orodha ya wanaoondoka.

Msomaji wako,
Kipalapala, Tabora