FM inajaa, wavuvi watasikika wapi?

Zungusha redio usiku hapa Mombasa: unatoka kwenye mahubiri, unaingia kwenye mawaidha, kisha mahubiri tena. Sina ugomvi na dini; nyumbani kwangu Ramadhani redio haitoki Radio Rahma. Ninachouliza ni nafasi. FM inaanzia 87.5 na kuishia 108, basi. Masafa yakishagawiwa, anayekuja nyuma hana pa kukaa.

Sheria inatambua utangazaji wa umma, wa biashara na wa jamii. Ila "jamii" hapo si watu wa mahali pamoja tu. Hata kundi lenye maslahi ya aina moja ni jamii. Kwa mlango huo waumini waweza kupanga foleni moja na wavuvi wa Vanga. Na waumini wana sadaka ya kulipia mtambo, umeme na leseni. Mvuvi ana nini? Kusi likivuma, nahodha ataka kujua bahari ikoje kabla ya alfajiri, si baada ya kipindi cha maombi.

Mamlaka ya Mawasiliano itenge kwanza masafa ya redio za mitaa katika kaunti zetu sita za Pwani, ndipo igawe yaliyobaki.