Kisima Kisicho na Msimamizi



Ndugu Waislamu, mwaka 2000 Profesa Bernard Amadei, mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, Marekani, alialikwa katika kijiji cha San Pablo nchini Belize. Alikuta hakuna umeme wala maji ya bomba, na watoto wanabeba maji ya mto badala ya kwenda shule. Mwaka uliofuata alirejea na wanafunzi wake, wakaweka mtambo wa maji unaoendeshwa na nguvu ya maporomoko ya hapo hapo. Mwaka 2002 ikaasisiwa jumuiya ya Wahandisi Wasio na Mipaka ya Marekani.

Atasema msomaji: hao si wenzetu katika dini, yatuhusu nini? Handaki la Madina, mwaka wa 5 Hijria, lilikuwa mbinu ya vita ya Waajemi, nao hawakuwa Waislamu. Salman Al-Farsi (R.A.) alilishauri, na Mtume (S.A.W.) akalichimba pamoja na Masahaba zake.

Kilichonivutia mimi si mtambo bali utaratibu. Wanafunzi hao hawaingii kijijini na mradi mfukoni. Kijiji chenyewe ndicho huomba, huchangia na hutoa watu wa kufundishwa matengenezo, nao hufungamana nacho kwa miaka, si kwa safari moja ya kupiga picha.

Sisi tumejaaliwa ukarimu. Kila Ramadhani visima huchimbwa. Lakini nimeswali katika msikiti mmoja wa shamba ambako kibao cha marumaru chenye jina la mfadhili kinang'aa, na mpini wa pampu umefungwa kamba. Umechakaa mpira wa ndani, kitu kisichofikia bei ya kuku, na akina mama wamerudi dimbwini. Tumefundishwa kuwa sadaka yenye kuendelea haikatiki kwa mauti. Je, kisima kilichokufa kinaendeleza nini? (Nia njema ina malipo yake, hilo silikanushi.)

Mafakihi wetu walilitambua jambo hili karne nyingi kabla ya vyuo vya uhandisi. Pato la waqfu hutumika kwanza kuutengeneza waqfu wenyewe, ndipo walengwa wapate fungu lao, na huwekwa msimamizi wa kuulinda. Hukumu hiyo tunaisomesha madrasani, kisha tunaisahau tukifika kisimani.

Wazazi wenye vijana wanaosomea uhandisi, waruhusuni likizo hii waende vijijini, wakae na wazee na akina mama, wasikilize kabla ya kupima. Na kamati ya msikiti itakayopokea fedha za kisima mwaka huu, kabla ya kuagiza marumaru, imuulize mfadhili na iwaulize wanakijiji: nani atashika spana, na fedha za vipuri zitakaa kwa nani?