Kalsiamu, Ebola na Haki ya Kuelezwa

Toleo hili linahusu seli za epitheli, zinazofunika ngozi, mapafu na utumbo, na namna zinavyodhibiti kalsiamu ndani yake. Msomaji anaweza kuuliza: hapa Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Kongo iliyochoshwa na vita, somo hili litatufaa nini?

Seli iliyotulia huweka kalsiamu yake huru chini mno, takriban mara 10,000 pungufu ya iliyo nje. Pampu zake huisukuma nje au kuirudisha kwenye maghala ya ndani bila kupumzika. Kwa hiyo ikipanda kidogo tu, kalsiamu hiyo huwa amri: toa ute, pitisha maji, au kufa.

Virusi hutumia utaratibu huo huo. Virusi vya rota, vinavyowaharisha watoto wetu, hutoboa ghala la kalsiamu katika seli za utumbo, na maji na chumvi humwagika. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba seli iliyoambukizwa hupandisha hata kalsiamu ya jirani zake wazima. Na Ebola, ikishamezwa na seli ndani ya kifuko, huhitaji njia za kalsiamu za kifuko hicho ili itoke. Utafiti wa mwaka 2015 ulizifunga njia hizo kwa dawa iitwayo tetrandrini, na panya wengi waliotibiwa mapema wakapona.

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287 mashariki mwa nchi yetu. Timu za kukabiliana na mlipuko (riposti) zilituagiza tunawe mikono, tusiguse maiti, tuwapeleke wagonjwa kituoni. Maagizo yalikuwa sahihi, ila sababu zake hazikuelezwa vya kutosha. Februari 2019 vituo vya kutibu Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Vita na uchaguzi ulioahirishwa kwetu vilichangia hasira ile. Ukimya juu ya sababu uliupa uvumi nafasi.

Tena, dawa mbili zilizopunguza vifo vya Ebola zilithibitishwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Miji iliyoipa dunia ujuzi huo inastahili kuelezwa sayansi yake kwa Kiswahili, mpaka ndani ya seli.

Makala zetu zinaanza na pampu na kuishia na maji ya chumvi na sukari: hata utumbo unapovuja, mlango unaopitisha sukari pamoja na chumvi hubaki wazi, na maji hufuata. Mama anayejua hivyo hataacha kumnywesha mtoto kwa sababu tu bado anaharisha.