Milioni 50 halafu?

Wadau wa hosteli, leo nachokoza nyuki. Mwaka 2012 Bongo Star Search ilimpa Walter Chilambo milioni 50, nchi ikapiga makofi. Poa. Ila kazi iko wapi? Chilambo alijipigania mwenyewe hadi kwenye injili, hongera zake. Sio kila mtu ana kifua hicho.

Cheki Uingereza mwaka 2006. BBC ilimtafuta Maria wa The Sound of Music, akashinda Connie Fisher, dada asiye na jina. Zawadi yake ilikuwa nafasi yenyewe, jukwaani London Palladium. Yaani anashinda, anaanza mazoezi, anaingia kazini!

Mtasema sisi hatuna pa kuigizia. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, siku hizi TaSUBa, kina jukwaa na walimu. Mtasema Mbongo haendi kuangalia igizo. Njooni kwetu Msangeni kwaya ikiigiza Krismasi, watu wanachungulia madirishani!

Mshindi apewe igizo la kuimba, azunguke nalo mikoani mwaka mzima kwa mshahara. Pesa inaisha jamani, ujuzi unabaki. Naomba kutoa hoja, mawe ruksa.