Saa haioni miguu ya mama

Siku hizi wapendanao wananunuliana saa za kuhesabu hatua. Safi sana! Ila zikianza kuleta maneno ndani ya nyumba, hapo inabidi tuongee.

Shosti wangu mmoja juzi karushiwa dongo na mumewe: "Mama Junior, hatua elfu tatu tu? Umeshinda umelala?" Jamani! Mwenzenu kashinda anasukuma kigari cha mtoto.

Saa ya mkononi haioni miguu. Ndani yake mna kidude kinachopima mtikisiko, na kwa kuwa kiko mkononi, hesabu inafuata mkono unavyopepea. Shika kigari, au toroli la supamaketi, mkono umetulia, hatua kibao zinapotea. Ni kama wabunifu walimfikiria mtu anayetembea mikono mitupu, na huyo kwenye nyumba nyingi ni baba.

Manpo-kei, kifaa cha Wajapani cha mwaka 1965, kilivaliwa kiunoni. Jina hilo maana yake ni kipima hatua 10,000, kwa hiyo lengo mnalogombania lilipata umaarufu kupitia jina la bidhaa! Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, kwa wanawake wa miaka 70 hivi, uliona hatari ya kufa mapema ikipungua mpaka kwenye hatua kama 7,500 kwa siku, basi.

Mama, simu inayohesabu hatua itie mfuko wa suruali. Na wewe baba, Jumamosi hii sukuma kigari mtaa mzima, kisha tuonyeshe saa yako inasemaje.