LEAVE ndiyo ya kuogopa, si ITERATE

Leo ni MySQL, na nina malalamiko.

Ukiandika prosija, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya databesi yenyewe (MySQL inazo tangu toleo la 5.0, 2005), unapewa maneno mawili ya kuongoza lupu. LEAVE inakutoa nje. ITERATE inakurudisha mwanzo wa lupu na kuruka mistari iliyobaki. Wengi wanaogopa ITERATE, kwa sababu ukiiweka kabla ya mstari unaoongeza hesabu, lupu haiishi. Sawa, lakini kosa hilo lina kelele: seva inalemewa, simu zinalia, unalirekebisha siku hiyo hiyo.

LEAVE inakosea kimya kimya. Niliwahi kuandika prosija ya kulipa gawio la sacco moja. CURSOR inaleta mwanachama mmoja mmoja, kisha SELECT ... INTO inatafuta deni lake nilikate. Juu nikaweka hii, kama tunavyofundishwa:

DECLARE CONTINUE HANDLER FOR NOT FOUND SET imeisha = TRUE;

Ikamaliza bila kosa lolote. Kesho yake mama mmoja akaja ofisini na kitabu chake: hajalipwa kitu.

Kumbe HANDLER haijui NOT FOUND imetoka wapi. Ilipofika kwa mwanachama wa kwanza asiye na deni, SELECT ikakosa safu na imeisha ikawa TRUE. FETCH iliyofuata ikaleta mtu halali kabisa, lakini IF imeisha THEN LEAVE ikamkataa yeye na wote waliokuwa nyuma yake. Na huyo asiye na deni? Alikatwa deni la aliyemtangulia, maana SELECT isiyopata safu haibadilishi thamani ya zamani. (Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.)

Dawa ni kuifunga SELECT hiyo ndani ya BEGIN ... END yenye HANDLER yake, na kurudisha deni kuwa 0 kila mzunguko. Lakini kusema kweli, lupu haikuhitajika. UPDATE moja yenye LEFT JOIN na COALESCE ingemaliza kazi. Niliandika lupu kwa sababu chuoni tulizoea Java.

Siku hizi, kabla ya COMMIT, prosija zangu huhesabu waliolipwa na kulinganisha na COUNT(*) ya wanaostahili. Zikitofautiana, ROLLBACK. Yule mama alipata pesa zake siku ya tatu.